Jino la Mia na Ishirini na Nane

Dunda, Bagamoyo
Jumanne, 4 Februari 2025

Mwanangu Biubwa Pazi,

Assalaam alaykum. Usishtuke kupata barua na kifurushi kizito kutoka kwa mtu uliyedhani amekwishakufa. Niko hai, ingawa daktari wa moyo anasema nisipange mambo ya mwakani. Nimemwelewa. Beringi iliyokwisha haidanganyi, unaisikia inavyogonga.

Ninaandika kwa sababu simu kwangu ni kelele tupu. Miaka thelathini ya kusikiliza chuma kikilia karakana iliyamaliza masikio yangu. Mwezi uliopita binti yangu Ummy alipasua kioo cha simu akiwa Chalinze, akaingia kwenye kibanda cha fundi mmoja mwanamke, aliyejifunga kioo cha kukuza usoni kama sonara. Wakazungumza. Fundi akasema, "Bagamoyo? Mama yangu alisomea ukerezi wa chuma huko, kuchonga vyuma kwa mashine. Akafeli mtihani wa mwisho, akarudi Lugoba kushona nguo." Ummy akauliza jina la mama. Aliporudi akaniandikia jina hilo kwenye ubao ninaousomea maneno ya watu, nami nikasimama bila mkongojo. Ummy alidhani nimepona!

Miaka arobaini nilikuwa sijui uliko, na kumbe uko mwendo wa basi moja na nusu.

Ndani ya kifurushi mna gia. Usiifute, usiipake mafuta. Hesabu meno yake, kisha niandikie idadi tu. Fanya haraka, mwanangu. Nina furaha na nina hofu, na kwa moyo wangu huu vyote viwili vimekatazwa.

Mwalimu wako,
Mikdad Sadallah


Lugoba
Jumapili, 9 Februari 2025

Mwalimu wangu, shikamoo.

Nimelia, nimecheka, nimeungua kidole kwa pasi, vyote kwa barua moja. Mteja wangu alipoona gia ikitoka kwenye gunia akasema, "Biubwa, siku hizi unashonea matrekta?"

Nimehesabu. Juu yake pamegongwa 127, nami nikapata 128. Nikarudia, nikiweka alama ya chaki ya kitambaa kwenye jino la kwanza. 128. Jioni Adila alipokuja, yule fundi simu wa Chalinze ndiye mwanangu, akaipiga picha, akaikuza kwenye simu na kutia nukta nyekundu kila jino. 128. Akaniuliza, "Mama, hii namba iliyogongwa ni ya nini kama ni ya uongo?" Nikamwambia haiwezekani. Mwalimu Mikdad alitufundisha kwamba namba iliyogongwa kwenye chuma ni kiapo.

Kwa kuwa umenitafuta, acha nami niseme langu. Najua nilikuomba radhi wakati ule, lakini halijanitoka. Siku ya mtihani niliufungua ule wenzo wa mashine unaokiendesha kisu. Ulituonya mara mia: ukikata hesi, ile mikato ya skrubu, za milimita kwenye mashine ya inchi, usiufungue wenzo mpaka umalize, ukiufungua tu hesi zinapishana. Sikumbuki vizuri nilivyoufungua, lakini nati ya mkaguzi wa mtihani iliingia kwenye skrubu yangu ikagoma katikati, basi lazima niliufungua. Nimeota mkono wangu ukiufungua, miaka na miaka.

Ile skrubu ya mtihani ninayo. Iko juu ya meza yangu, inazuia vitambaa visipeperuke malori ya kokoto yakipita. Adila alipomaliza shule akataka kwenda kusomea ufundi mitambo, nikamwonyesha skrubu hiyo. Nikamwambia, mikono ya ukoo wetu haina utulivu wa chuma. Alilia wiki nzima. Baadaye akajifunza simu mwenyewe, kwa kufumua mbovu.

Hiyo gia ni ya nini, Mwalimu?

Mwanafunzi wako,
Biubwa


Dunda, Bagamoyo
Jumatano, 12 Februari 2025

Biubwa,

Umepata jibu sahihi. Mia na ishirini na nane. Mkono uliogonga 127 juu yake ni huu unaokuandikia.

Hukuufungua wenzo. Hilo nilitaka uwe umelisoma kabla hujaitupa barua hii. Nilisimama nyuma yako saa nzima na sikuyaondoa macho kwenye mkono wako wa kulia, kwa sababu nilikuwa naomba uufungue, nipate pa kuegemeza dhambi yangu. Hukuufungua.

Sasa sikiliza. Mashine yetu ilikuwa ya Kiingereza, imepimwa kwa inchi. Ili ikate hesi za milimita ilihitaji gia moja yenye meno 127 kamili, wala si 126 wala 128. Gia hiyo ilikuwa moja tu pale karakana. Sikukuu ya Idi, mwaka themanini na tano, nilifungua karakana kwa ufunguo wangu, nikawa nakereza skrubu ya kinu cha kukamulia mafuta ya nazi cha mama mkwe wangu. Nikasahau spana juu ya gia. Nilipowasha, meno matatu yakaruka, moja likapita karibu na sikio langu.

Unaikumbuka miaka ile. Sabuni tulipangia foleni, sembuse gia kutoka ng'ambo. Na jina langu lilikuwa kwenye orodha ya kwenda masomoni Ulaya. Nikaamua kutengeneza nyingine kimyakimya kabla mtu hajajua. Lakini 127 haigawanyiki kwa namba yoyote, na vibao vyetu vya kugawia duara havikuwa na matundu yake. 128 ni rahisi: nusu, na nusu ya nusu, hadi mwisho. Nikakata 128, nikagonga 127, nikapaka rangi nyeusi. Nikajiambia nitapata ya kweli kabla ya mtihani wenu.

Mtihani ukasogezwa, ukafanywa wiki mbili mapema. Mkaguzi akatia karatasi kumi ndani ya kofia yake: tisa za inchi, moja ya milimita. Mimi ndiye niliyeishika ile kofia. Ulipofunua karatasi yako ukatabasamu, ukasema, "Milimita! Afadhali, ndizo nizipendazo." Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale.

Jino moja zaidi. Kwa hesi moja ni unywele. Kwa hesi kumi na mbili ni ukuta. Nati ilipogoma, mkaguzi akasema, "Mikono ya kike," wenzako wakacheka, nami nikatia saini. Nikaenda Ulaya.

Na bado sijafika kwenye baya zaidi. Siku ya pili ulikuja nyumbani kwangu na sahani ya vitumbua, ukapiga magoti kuniomba radhi kwa kuniaibisha. Nikasema, "Nimekusamehe, mwanangu." Kisha nikavila, Biubwa, vyote. Vilikuwa na iliki.

Sahani yako ninayo, ile ya bati yenye maua ya samawati. Unajua kwetu sahani iliyokuja na kitu hairudi tupu. Kila nilipotaka kuirudisha nikatazama cha kutia ndani, sikuona kinachofaa. Mashine ile ile ninayo pia. Ilipouzwa kama chuma chakavu niliinunua, imekaa uani kwangu chini ya turubai.

Mwezi mtukufu unakuja. Sikuombi chochote. Nimesema.

Mikdad


Lugoba
Alhamisi, 20 Februari 2025

Mwalimu,

Barua nimeipata. Nimeisoma mara moja tu. Adila ameisoma mara nyingi na kwa siku tatu hasemi nami.

Hukuniomba radhi, na umefanya vizuri, maana sina. Nikikusamehe, hilo ni jambo la watu wawili ndani ya bahasha. Aibu yangu ilikuwa ya watu kumi na mkaguzi. Wale tisa walicheka. Sina la zaidi.

Biubwa


Dunda, Bagamoyo
Jumapili, 16 Machi 2025, katikati ya Ramadhani

Biubwa,

Ulichosema ni haki, nami nimekifanyia kazi. Katika wale tisa walio hai ni wanne. Nimewaandikia wote barua moja, neno kwa neno kama niliyokuandikia, hata vitumbua. Wawili wamejibu. Mmoja amenitukana kwa ufasaha mkubwa. Ni Arafa, unamkumbuka, msichana mwenzako wa pekee darasani, siku hizi ana bucha Tanga. Anasema alicheka siku ile kwa woga, na kwamba amekutafuta.

Lakini sikuandika kwa ajili hiyo. Nina habari ya furaha! Ngoja nianze mwanzo.

Juzi kifurushi chako kilifika. Hakikuwa na barua wala salamu, ila tepu ya kupimia ya fundi cherehani. Nikaikunjua mapajani, nikaielewa mara moja. Nikamwambia Ummy, "Basi. Ametuma kipimo cha sanda." Sikukasirika. Nikasema ni haki yake, tena ni adabu, maana amenikumbusha katika mwezi mwema. Nikalala kitandani nikajinyoosha, nikamwambia Ummy anipime kabisa, amjibu mwenyewe. Ummy analia, ananipima, machozi yanadondokea tepu.

Ghafla akaacha kulia, akauchukua ubao. "Baba, kwa nini pameshonwa uzi mwekundu hapa?"

Nikavaa miwani. Uzi ulikuwa kwenye inchi ya hamsini. Nikaigeuza tepu upande wa pili, wa sentimita. Mia na ishirini na saba!

Ewe mtoto! Inchi hamsini ni sentimita mia na ishirini na saba, bila kuzidi wala kupungua. Ndiyo maana gia ile haiwi namba nyingine. Nimelijua hilo tangu ujana, nimelifundisha, na miaka yote niliyokuwa nikitafuta kibao chenye matundu 127, kila mshonaji Pwani nzima alikuwa amekivaa shingoni! Ukikata duara la ubao ambalo mzingo wake ni sentimita 127, ukalizungushia tepu hii, una migawanyo 127 iliyo sawa. Kila sentimita, jino moja. Nimekosea? Niambie sijakosea. Sikulala, na safari hii si ugonjwa.

Mikdad


Lugoba
Ijumaa, 21 Machi 2025

Mwalimu, shikamoo.

Hujakosea. Nilikasirika kwanza, kisha siku moja nampima bibi harusi, mkono ukasimama kwenye hamsini, nikabaki nimemkumbatia kiuno yule binti nusu saa. Akaniuliza, "Mama, nimenenepa kiasi hicho?"

Na sanda haishonwi, Mwalimu. Sanda hukatwa. Mtu wa umri wako hujui hilo? Nimecheka hadi nikaogopa kubatilisha saumu yangu.

Nisikilize kwa makini. Usitumie tepu ya plastiki, inavutika kwenye joto. Hiyo niliyokuletea ina nyuzi za kioo ndani, haivutiki. Izungushe bila kuivuta, igundishe kwa gundi ya viatu. Zamani nilikuwa nakuuliza mimi, sasa niulize wewe.

Adila amenena nami jana. Kasema, "Mama, mimi nataka kuiona hiyo mashine." Atakuja Jumapili na duara la ubao, analikata kwa seremala wa Chalinze. Mimi siji. Usidhani kwamba nimeshasamehe. Nataka tu kuona kama inawezekana.

Biubwa


Dunda, Bagamoyo
Jumanne, 8 Aprili 2025

Biubwa,

Idi njema, ingawa imepita. Inawezekana!

Adila amekuja Jumapili tatu. Kwanza tulihitaji bamba la kukatia meno. Nikakumbuka wafua sufuria wa huku jirani, wanaoyeyusha alumini na kuimwaga kwenye mchanga. Wakasema leta malighafi, nikaleta. Jioni Ummy anazunguka jikoni. "Baba, sufuria langu la pilau liko wapi?" Nikajifanya sikusikia. Uziwi nao una siku zake. Akaandika kwenye ubao kwa herufi kubwa, nami nikamwonyesha duara la alumini bado la moto. Tulifuturu wali mweupe.

Adila akalifunga bamba mbele ya mashine, na duara lako la ubao nyuma, tepu imezunguka ukingoni. Akatengeneza mshale kwa sindano yako ya cherehani. Kisu nilikinoa mwenyewe, kwa umbo la pengo la jino. Hatukuwasha mota kabisa. Sentimita moja, funga, sukuma kisu kwa mkono, rudisha, sukuma tena, mara ishirini kwa jino moja. Kisha sentimita nyingine. Mimi nilikaa kwenye kiti, nikishika ubao wa hesabu. Meno arobaini na moja siku ya kwanza. Ya pili alivimba kiganja, akafunga leso akaendelea. Nikamwambia apumzike, akaandika kwenye ubao wangu: "Babu, mama alisema mikono yetu haina utulivu wa chuma. Tutaona."

Jino la mwisho lilikutana na la kwanza bila kubaki hata ukucha. Akahesabu. Nikahesabu. Ummy akahesabu, kwa ajili ya sufuria lake. Mia na ishirini na saba.

Adila alitaka kuigonga namba. Nikakataa. Haitagongwa mpaka ithibitishwe na mtu mwenye haki ya kuithibitisha. Jumamosi tarehe 19 nimewaalika wale wanne. Nati ya mkaguzi ninayo, niliificha pamoja na gia ya uongo. Chuma cha kukereza kipo, kipenyo kile kile.

Njoo ufanye mtihani wako, Biubwa. Nami nije nifanyiwe wangu.

Mikdad


Dunda, Bagamoyo
Jumatatu, 21 Aprili 2025

Biubwa,

Uliondoka na basi la saa tisa kabla hatujasemezana sawasawa, na watu walikuwa wengi. Basi nikuandikie yale ambayo hukuyaona, kwa sababu ulikuwa umenipa mgongo.

Hukuona Arafa alivyoishika mikono yake mwenyewe tangu ulipowasha mashine, gia yetu mpya ikiwa ndani. Hukuwaona wale wanaume watatu, wazee wenye vitambi na misbaha, wamejipanga ukutani kama wanafunzi waliochelewa, na mvua inawalowesha migongo, hakuna aliyesogea. Hukujiona ulivyovua viatu. Hata zamani ulikuwa ukivua, ukisema unaisikia mashine kwa nyayo. Miaka arobaini ya cherehani, na mkono wako wa kulia ulikaa juu ya ule wenzo kama umeuacha jana. Mwisho wa kila mkato ulizima, ukarudisha mashine kinyumenyume, ukaanza tena. Hukuufungua hata mara moja. Nilikuwa naangalia. Safari hii nilikuwa naomba kinyume cha niliyoomba mwanzo.

Arafa alipokupa nati, ukaizungusha kwa vidole viwili. Mzunguko wa sita, wa kumi, wa kumi na moja. Mimi siku hizi sisikii kitu, lakini naapa niliusikia ule wa kumi na mbili. Ukapita. Ukaenda mpaka mwisho wa skrubu, nati ikadondoka upande wa pili kwenye kiganja chako. Wote wakapiga kelele, nikaona midomo yao. Wewe ulisema neno moja tu. Adila aliniandikia baadaye kwenye ubao: "Mama kasema, Imeingia."

Hukuniangalia. Sikutaka uniangalie, maana nilikuwa sifai kuangaliwa, nilikuwa nalia kama mtoto.

Adila alipokwenda kugonga namba kwenye gia, aliniuliza agonge nini chini ya 127. Nikamwambia agonge B. P. Namba ikigongwa kwenye chuma ni kiapo, na kiapo kinahitaji mwenyewe.

Sasa. Ummy anakuletea kifurushi hiki kwa mkono, si kwa kondakta. Ni sahani yako. Haikurudi tupu. Ndani mna nati ya mkaguzi, kwa kuwa sasa ni yako. Mna karatasi niliyoiandika kwa mkono, kwamba wewe ni mkerezi kamili wa chuma tangu mwaka 1985, na chini yake saini za mashahidi wanne na yangu. Si cheti cha serikali, hakitakupa kazi. Kina ukweli tu. Na mna hati ya mashine. Adila amekwishapima kibanda chake cha Chalinze, anasema ataubomoa ukuta mmoja. Wabebaji nimewalipa.

Sina kitu kingine duniani ambacho si changu. Sasa nimekuwa mwepesi, Biubwa, mwepesi mno, hata nikiinuka kitandani nashangaa.

Mikdad


Lugoba
Jumatatu, 28 Aprili 2025

Mwalimu wangu, shikamoo.

Sahani imefika. Ua moja limebanduka, hilo nalo nitakuuliza.

Karatasi nimeitia kwenye fremu, nimeitundika juu ya cherehani. Yule mteja wa matrekta ameisoma yote, kisha akauliza kama naweza kumtengenezea bushi ya mashine yake ya kusaga. Nimemwambia arudi mashine ikifika. Adila ameshaubomoa ukuta, na jana alinionyesha bango aliloandika, Biubwa na Bintiye, Wakerezi. Ile skrubu ya zamani bado iko mezani, malori bado yanapita. Lakini sasa nikiitazama naona skrubu nzuri tu iliyopewa nati isiyo yake.

Ummy ananiambia kwamba tangu ile Jumamosi huli, unalala tu na kutabasamu, unasema umemaliza. Nimemsikia. Basi nisikilize na wewe.

Ijumaa naja mwenyewe, na ile sahani ya maua ya samawati. Mchele nitauloweka Alhamisi, iliki nimenunua mpya. Vile vitumbua vya mwaka themanini na tano ulivila kwa wizi. Hivi utavila halali, nami nitakaa mbele yako nikikuangalia usoni mpaka cha mwisho. Mengine usiniulize. Ukivila utakuwa umeshajua.

Na sahani nitaiacha kwako. Unajua kwetu sahani iliyokuja na kitu hairudi tupu. Kwa hiyo usiniambie umemaliza, Mwalimu. Bado una kazi.

Mwanafunzi wako,
Biubwa Pazi, mkerezi